Mwaka Niliomshikia Mzee Ambrosi Maneno

Ilianza siku ya Jumatatu, saa nne na robo asubuhi, juma lile ambalo wenzangu wa kidato cha nne walikuwa wakiripoti vyuoni nami nimebaki nangoja kuitwa. Saa ninaijua kwa sababu niliiandika. Ukurasa wa kwanza wa daftari langu la mwaka ule unasema: "Saa nne na robo. Nimepewa kiti. Sikujua nikalie au niendelee kusimama." Kiti hicho kilikuwa kwenye baraza ya nyumba moja ya Galu, kusini kidogo ya Diani, ambako mama mdogo Riziki alikuwa mpishi. Aliyenipa kiti alikuwa Mwingereza mrefu, mkavu, mwenye nyusi nyeupe zilizoota kama majani ya pembeni ya ukuta, ambaye tangu ujana wake hakuwa na kazi nyingine ila kuigiza, kwanza majukwaani kwao na baadaye kwenye filamu. Jina lake la pasipoti lilikuwa refu. Sisi tulimwita Mzee Ambrosi. Nilimwamkia shikamoo kwa sauti ambayo mama mdogo aliniambia baadaye kwamba hata mbu asingeigeukia, naye akaitikia marahaba kwa ule usahihi wa mgeni aliyejifunza adabu kabla ya sarufi. Kisha akanisukumia karatasi tatu mezani. "Hizi zifuate kwa macho," akasema, "mimi nitasema kwa kichwa. Nikikosea, nijulishe."

Wiki tatu zilizopita mpwa wake, aliyekuja kumchukua mwaka ule ulipokwisha, alituandikia kutoka Uingereza kwamba Mzee amefariki, usingizini, mchana, redio ikizungumza. Mama mdogo aliusikia ujumbe ule amesimama, akavua kanga ya kichwani, akaifunga tena vilevile, akasema, "Andika wewe, Mejumaa, mimi nitasahau." Najua kumbukumbu za maisha huandikwa na watu waliokwisha kula chumvi nyingi, na mimi nina miaka kumi na tisa tu, chumvi yangu ingali kwenye kijiko. Lakini mwaka ule umekwisha kabisa, hautarudi, na nadhani hiyo inatosha kuuandika. Nataka pia nishukuru. Nilipokuwa naye sikuwahi kumwambia ahsante kwa sauti inayosikika.

Chumba alichokaa zaidi kilikuwa kile cha nyuma ya baraza, kuta za mawe ya matumbawe zimepakwa chokaa, na ukuta mmoja umejaa picha zake. Hapa ni mfalme mwenye taji ya bati. Hapa ni kasisi, hapa ni hakimu, hapa amelala amekufa na damu ya rangi kwenye shati. Nilipozoea kidogo nikawa namuuliza, naye akawa ananieleza kama mtu anayeonyesha shamba lake. Wafalme wote walikuwa wa jukwaani, katika miji midogo yenye mvua, ambako kikundi chao kilifika kwa lori, wakaigiza siku tatu, wakalala vyumba vya kupanga vinavyonuka kabichi, wakanawa rangi za uso kwa maji baridi, wakaondoka. Alipoingia kwenye filamu alishushwa cheo. "Nikawa mtu wa kufungua milango," akasema. "Nimefungulia watu maarufu milango mingi kuliko bawabu yeyote wa hoteli za huku." Katika tamthilia moja ya televisheni alikuwa msaidizi wa mpelelezi kwa miaka mingi, na watu wa kwao wakamsimamisha madukani kumuuliza mpelelezi hajambo. Hakuna aliyemuuliza yeye hajambo. Alikuja pwani yetu kuigiza nahodha katika filamu moja, kazi ya majuma matatu, na kazi ilipokwisha hakupanda ndege. Akawa anakwenda Ulaya kuigiza na kurudi Galu kuishi.

Zile karatasi tatu zilikuwa kazi yake ya mwisho, na yeye mwenyewe alijua ni ya mwisho. Filamu mpya ingepigwa Msambweni baada ya masika, katika nyumba kuukuu ya mawe, naye alikuwa na onyesho moja tu: mzee ameketi mezani na samaki wake, anamweleza binti yake kwa nini hataki kuihama nyumba. Daktari mmoja wa Ukunda alikwisha kumwambia jina la ugonjwa uliokuwa ukimla kumbukumbu. Jambo hilo walilijua yeye, mama mdogo, na kuanzia Jumatatu ile, mimi. "Wakijua, watamleta mzee mwingine kutoka Nairobi," akaniambia. "Nimemaliza kazi nyingi maishani, Bi Mejumaa, lakini sijawahi kuondolewa. Nataka nitoke kwa miguu yangu. Usimwambie mtu kwamba ninasahau." Nikaahidi. Kuahidi kunyamaza, kwangu mimi, kulikuwa sawa na kumwahidi samaki kwamba ataoga.

Sasa niseme kosa langu. Siku ile ya kwanza alianza vizuri, akafika sentensi ya nne, akaruka moja. Niliona kwenye karatasi kwamba ameruka. Sauti haikuja. Mikono yangu ndiyo iliyokumbuka la kufanya. Kwetu, imamu akikosea katika sala, wanaume walio nyuma yake husema Subhanallah, na wanawake, walio nyuma ya pazia, hupiga kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, ta, ta, basi imamu akajua kuna jambo. Nimefanya hivyo tangu nilipokuwa chuoni kwa maalimu wetu, katika sala za tarawehe. Kwa hiyo nikapiga, ta, ta. Mzee akanitazama. Uso ukamng'aa. Akaweka mkono kifuani, akainama kidogo kwangu, akaendelea na kosa lake kwa nguvu zaidi.

Nilishindwa kumweleza. Siku ya pili nikapiga tena, akainama tena. Juma zima likaenda hivyo, yeye akikosea nami nikipiga, yeye akishukuru. Akawa anakuja barazani amevaa shati lililopigwa pasi. Akawa anakula. Mama mdogo alikuwa akimpelekea viazi vya nazi vikirudi nusu. Juma lile sahani ilirudi imefutwa kwa mkate. Ijumaa nilikuwa jikoni nikimenya vitunguu, mama mdogo ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, na Mutua, mtunza bustani wetu kutoka Kitui, ameegemea mlango na kikombe chake cha chai.

"Mama Riziki, huyu mzee ako sawa kweli?" Mutua akauliza. "Jana ameniuliza jina mara tatu."

"Na wewe jana umeniuliza chakula mara tatu. Nani amekupeleka kwa daktari?"

"Mimi nasema tu. Hao watu wa filamu hawana huruma. Ukikwama kidogo wanaita mwingine."

"Hakwami. Ameniambia leo asubuhi mtoto huyu anampigia makofi kila siku." Mama mdogo akanigeukia. "Kweli, mwanangu? Wewe unampigia mtu makofi?"

Nikamwonyesha jinsi ninavyopiga, kiganja juu ya mgongo wa mkono. Akanitazama, akaitazama mikono yangu, akaacha kukuna. Alicheka mpaka nazi ikamtoka mkononi ikabingirika chini ya meza, na Mutua, ambaye ni Mkristo na hakuelewa neno, akaanza kucheka kwa kuambukizwa tu. Alipopata pumzi alijifuta macho kwa upindo wa kanga na uso wake ukabadilika. "Utamwambia," akasema. "Kesho, kabla hajaanza. Mtu anakunywa shukrani ambayo hakupewa, na wewe unammiminia. Hiyo ni dhihaka, hata kama hukukusudia."

Nikamwambia. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye karatasi, nikayasoma nikiwa nimeinamisha uso, kwa Kiingereza cha shule. Nje mbega walikuwa wakiruka kutoka mti hadi paa, na nilitamani mmoja avunje kitu ili tuwe na la kuzungumza.

"Kila kofi?" akauliza.

"Kila kofi, Mzee."

"Jana yalikuwa mengi."

"Kumi na tisa."

Akainuka akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nilijua nimefukuzwa. Nilikwisha kuzifunga karatasi kwa kibanio na kuvaa viatu alipotoka, ameshika picha ndogo ambayo haikuwa ukutani. Kijana mwembamba ameketi kwenye kigoda nyuma ya pazia, kitabu magotini, mdomo wazi nusu. "Huyu ni mimi nikiwa na miaka kama yako," akasema. "Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza katika sanaa. Nilikaa gizani nikawashikia wakubwa maneno. Walipoyaangusha, niliwaokotea. Hawakunipigia makofi, na mimi sikuwapigia." Akaketi. "Tangu nizeeke, kila ninayemsomea ananisifu. Wewe umekuwa ukiniambia ukweli juma zima, nami nimekuwa nikikuinamia. Basi niliinama mahali panapostahili." Kisha akacheka, kicheko kifupi kikavu, nami nikavua viatu.

Kuanzia siku ile alinifundisha kazi. Jambo la kwanza ni kutofautisha kimya na kimya. Mwigizaji akinyamaza na macho bado yanatembea, neno analo, anachagua tu wakati wa kulitoa. Ukimpa wewe umemharibia. Macho yakisimama na kidole gumba kikaacha kusugua kidole cha pili, amelikosa, na hapo una nafasi ya pumzi moja. Unampa neno la kwanza tu. Ukimpa sentensi nzima umemnyang'anya kazi. Hilo nilikuwa nalijua, ndivyo tulivyokuwa tukifanyiana chuoni katika kuhifadhi sura, na nilipomwambia alifurahi kama mtu aliyekuta jamaa yake ugenini. Jambo la pili ni kutia neno bila huruma. "Usinihurumie kwa sauti," alisema. "Huruma inanichanganya. Lirushe kama mtu anayekurushia ufunguo." La tatu, kupaza sauti, lilinishinda miezi yote. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa na la kulia lilikuwa linachoka, na sauti yangu haikufika. Alinipeleka mwisho wa bustani, karibu na Mutua, akabaki barazani na kuniamuru nimtajie majina ya samaki. Changu, tafi, kolekole. Mutua aliegemea reki yake akasema, "Dada, hata mimi hapa sijasikia na siko mbali." Kwa huzuni nilirudi barazani. Yeye hakuchoka. Alisema sauti si ubavu, ni ruhusa, na kwamba iko siku nitajipa.

Mwongozaji wa filamu alikuja kumwona Alhamisi moja katikati ya masika, mwanamke wa Nairobi anayeitwa Njeri, mchangamfu, buti zimejaa tope. Mama mdogo alipika samaki wa kupaka na wali, na Mzee akamhadithia maisha yake yote: lori la wafalme, kabichi, milango, siku aliyokufa jukwaani akapiga chafya. Njeri alicheka mpaka akasahau kuomba asomewe. "Amemlisha hadithi akashiba," mama mdogo akanong'ona mlangoni. Lakini pale getini Njeri alinigeukia. "Maneno anayo?" akauliza. Nikasema, "Anayo." Haukuwa uongo, alikuwa nayo, mahali fulani. Usiku wa siku hiyo niliandika mstari mmoja tu kwenye daftari: "Leo nimejua kwamba ukweli unaweza kukatwa nusu na bado ukapita." Sikujisikia vizuri, na hata leo nikiusoma mstari huo sijisikii vizuri.

Siku ya Msambweni gari lilitufuata saa moja asubuhi. Ile nyumba kuukuu ilikuwa imejaa nyaya, taa na watu, kama arobaini hivi, wote wakijua wanachofanya. Mzee alivalishwa kanzu iliyofifishwa kwa makusudi, akaketishwa mezani mbele ya sahani ya samaki, na msichana aliyeigiza binti yake akasimama dirishani. Mimi niliambiwa nikae chini nyuma ya nguzo, upande wa sikio lake la kulia, na kila aliyenipita aliniruka kama mzigo. Njeri alidhani nimekuja kumshikia maji. Kukawa kimya. Mzee akaanza, nami nikainua macho kutoka kwenye karatasi, kwa sababu miezi yote ile nilikuwa nimemsikia akikumbuka, sikuwahi kumwona akiigiza. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, hapa nayaandika kwa maana yake. "Mwanangu, nyumba hii si kwamba ni yangu," alimwambia yule binti. "Ni kwamba ndiyo pekee inayojua ninavyotembea gizani." Akachukua kipande cha samaki. Akakirudisha. Kidole gumba kikaacha kusugua.

Neno lilikuwa "Mamako". Nilikuwa nalo ulimini. Macho yake yakanitafuta pembeni ya nguzo, nami nikafungua mdomo na hakuna kilichotoka, na mikono yangu, mikono hii, ikafanya inachokijua. Ta, ta. Katika kimya kile ilisikika nyumba nzima. Mtu mmoja wa taa, juu ya ngazi, akadhani onyesho limekwisha na naye akapiga makofi. Wa pili akamfuata. Kabla sijafumba macho watu kumi walikuwa wakimpongeza mzee aliyekwama katikati ya sentensi, naye ameketi pale, uso umepotea, akiwatazama mmoja mmoja, na nikaona mkono wake unaanza kupanda kifuani. Alikuwa anataka kuinama.

"Nani ameanza makofi?" Njeri akauliza.

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiko nilikoahidi. Lakini nilimwona akitaka kuishukuru aibu yake mwenyewe mbele ya watu wote, na sikuweza kumwacha ainame tena mahali pasipostahili. Nikasimama. "Ni mimi," nikasema. "Amekosea. Amesahau. Anasahau sana, na ana maneno yote, lakini lazima mtu ampe la kwanza." Sauti ilitoka kubwa, ya mtu mwingine, ikagonga dari ikarudi. Yule wa taa alibaki na viganja hewani.

Nilikuwa nimevunja ahadi, nimemfungulia mlango yule mzee wa kutoka Nairobi, na sikumtazama Mzee usoni. Aliyezungumza kwanza alikuwa yeye. Alianza kucheka, kile kicheko kifupi kikavu, akageuza shingo kumtafuta Njeri. "Ni kweli," akasema. "Huyu ndiye mshikamaneno wangu. Hasemi uongo na kwa muda mrefu hakuwa akisema chochote. Msogeze karibu, au nitoe nje. Vyovyote, mimi nimeshasikia alichosema, na sijawahi kumsikia vizuri hivi."

Fundi wa sauti alilalamika kwamba nitaingia kwenye rekodi. Njeri aliuma kalamu yake, akamtazama Mzee, akanitazama mimi, kisha akamwambia fundi kwamba kukata sauti ya msichana mmoja ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Nikasogezwa hadi mguuni pa meza. Tulifanya onyesho lile vipande vipande, tangu saa tatu mpaka alasiri, samaki akibadilishwa kila akipoa. Alikwama mara nne. Nilimrushia neno mara nne, mara zote kwa sauti ile ile mpya, na kila nilipolirusha alilidaka na kuendelea kana kwamba ametoka kulifikiri. Kwenye kipande cha mwisho hakukwama. Alikisema chote, akimtazama binti dirishani, na Njeri alisahau kusema basi. Mzee akainuka mwenyewe, akakataa mkono wa mtu, akatoka mlangoni kwa miguu yake hadi kwenye jua. Filamu yenyewe sijaiona. Nimeambiwa onyesho lake limebaki, na kwamba sauti yangu imefutwa, na zote mbili ni habari njema.

Kesho yake asubuhi nilikwenda Galu kwa saa ya kawaida, ingawa hakukuwa na kazi tena. Mama mdogo alikuwa akikoroga uji. Mzee alikuwa barazani, amevaa shati la pasi, karatasi tatu ziko mbele yake zimenyooshwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bi Mejumaa. Keti tuanze. Tunakwenda lini Msambweni?"

Nilidhani anatania. Kisha nikaviona vidole vyake vimetulia. Ningeweza kusema kesho, nikashika karatasi, tukafanya mazoezi kama kawaida, naye angefurahi. Nakiri kwamba niliwaza hivyo kwa pumzi nzima. Nikazigeuza karatasi kifudifudi.

"Tumeshakwenda, Mzee. Ilikuwa jana. Sikiliza nikuhadithie."

Sikuketi. Nilisimama katikati ya baraza nikaanza tangu gari lilipokuja. Nikawa Njeri anayeuma kalamu, nikawa fundi wa sauti mwenye kisirani, nikawa yule wa taa juu ya ngazi. Nilipofika pale nilipotamka kwamba amekosea, nilisita.

"Endelea," akasema, ameinama mbele, mikono magotini. "Yule mzee alifanyaje?"

"Alicheka."

"Akaweza?"

"Akaweza. Akatoka kwa miguu yake."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea habari njema za rafiki wa zamani. Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, uji ukimtiririka kidoleni. Mzee akaniomba nianze tena, nisiruke kitu, nami nikaanza tena, tangu gari lilipokuja.